Kumbukumbu za Tanga katika hifadhi za kidijitali: barua, majani, sauti na takwimu

Mtu anayetaka kujua yaliyotokea Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, wakati jeshi la Waingereza la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, liliposhuka pwani ya Ras Kazone na baada ya siku chache likarudi melini limeshindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000, hana kitabu kimoja cha kufungua akaridhika. Shajara za vita za vikosi vya Waingereza ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Majalada ya wizara ya makoloni ya Ujerumani yako Berlin. Majalada ya watawala wa Kijerumani yaliyobaki nchini yako Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa, nayo mwaka 1997 yaliingizwa na UNESCO katika rejista yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Majina ya wanajeshi wa upande wa Uingereza waliokufa hapa yamo katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Majina ya wapagazi waliobeba risasi na unga wa majeshi yote mawili hayapatikani popote kwa ukamilifu, kwa kuwa walioandika hawakuona haja ya kuyaandika.

Sehemu kubwa ya hayo yaliyoandikwa inaweza leo kusomwa na mtu aliyekaa Ngamiani, Barabara ya Nane, akiwa na simu na bando. Hilo ni jambo kubwa. Lakini wengi wanaposikia habari za hifadhi ya kidijitali hufikiria kabati moja kubwa ambalo kila kitu kimepangwa humo kwa namna moja, kwamba ukiandika neno katika kisanduku cha kutafutia utapewa unachotaka, na usipokipata basi hakipo. Sivyo. Ndani ya hifadhi hizo mna vitu vya asili tofauti kabisa, kila kimoja kina njia yake ya kuingia kwenye kompyuta, njia yake ya kusomwa na njia yake ya kupotea, na asiyezijua tofauti hizo anaweza kupita mara kumi mbele ya barua ya babu yake bila kuiona.

Tuanze na barua, maana ndizo zilizo karibu nasi. Kabla ya shule za Wajerumani kueneza herufi za Kilatini, watu wa Mrima waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: mikataba ya minazi, madai ya deni, salamu za maliwali na majumbe, tenzi. Hemedi bin Abdallah el Buhriy wa Tanga aliitungia utenzi vita ya Wajerumani na watu wa pwani ya mwaka 1888 na 1889, vita iliyoishia kwa Abushiri kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Barua za aina hiyo Mjerumani Carl Gotthilf Büttner alizichapisha kitabuni mapema mwaka 1892. Miswada mingi iko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika, London, katika mikusanyo ya watu kama William Taylor, William Hichens na Alice Werner. Mingine iko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mkusanyo wa J. W. T. Allen, ambao orodha yake ilichapishwa mwaka 1970.

Sasa chukua karatasi moja ya namna hiyo, iliyopigwa picha safi kabisa, na uitazame kwa karibu. Mwandishi ameandika herufi ya be yenye fat'ha, yaani alama ya sauti ya a, kisha be nyingine yenye fat'ha. Aliyepita chuo cha Kurani ataisoma "baba" bila kusita. Lakini katika uandishi wa zamani wa Kiswahili herufi hiyo hiyo ya be ilibeba sauti ya b, ya p na ya mb, kwa sababu Kiarabu hakina p na waandishi wengi hawakuiandika m iliyotangulia b. Kwa hiyo neno lile lile linaweza kuwa "baba", linaweza kuwa "papa" na linaweza kuwa "pamba". Kasra moja ilitumika kwa i na e, dhuma moja kwa u na o. Msomaji wa zamani hakupata taabu, kwa sababu alikuwa anajua barua inahusu nini: ikiwa ni ya mfanyabiashara wa nguo alisoma pamba, ikiwa ni ya mvuvi alisoma papa. Kompyuta haina biashara wala haijavua, na leo bado haiwezi kuaminiwa kufanya kazi hiyo peke yake.

Ndiyo maana hifadhi nzuri ya hati kama hizi huweka mambo matatu pamoja: picha ya ukurasa wenyewe, unukuzi wa herufi kwa herufi kama zilivyoandikwa, na usomaji wa Kilatini aliouchagua mtaalamu. Picha peke yake haitafutiki, kwani ukiandika "pamba" mashine haioni chochote ila madoa meusi juu ya karatasi ya rangi ya chai. Usomaji peke yake nao ni hatari, maana aliyesoma "baba" amekufungia njia ya "papa", na wewe hutajua kwamba mlango ulikuwepo. Vikiwa pamoja, msomaji wa Pangani anaweza kusema kwamba huyu bwana alikosea, hapa pametajwa samaki, na akawa na ushahidi wa kuonyesha.

Hati za Kijerumani zina ugumu wa aina nyingine. Nyingi ziliandikwa kwa mwandiko wa kale uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo asiyefunzwa hauwezi. Kwa hati hizi mashine imepiga hatua: zipo programu, kama ile iitwayo Transkribus, zinazofundishwa mwandiko kwa kuonyeshwa kurasa zilizokwisha kunukuliwa na binadamu, kisha zikaendelea zenyewe. Taabu inayombaki mtafutaji wa Tanga ni majina. Ukitafuta Lushoto katika majalada ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza karibu hupati kitu, kwa sababu mji huo Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Muheza waliiandika Muhesa. Neno shauri limo tele, lakini kwa tahajia yao, Schauri. Mtu asiyelijua hili hufunga kompyuta akiamini kwamba Usambara haikuandikwa, kumbe imejaa majalada.

Magazeti ni rahisi zaidi, kwa kuwa yalipigwa chapa na mashine huisoma chapa vizuri kuliko mkono. Tanga ina heshima yake katika hili: gazeti la Kiongozi lilianza kuchapishwa mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Kijerumani iliyokuwa hapa mjini, likaendelea hadi wakati wa vita, likibeba habari zilizotumwa na walimu na makarani kutoka sehemu mbalimbali za koloni. Hayo ni maandishi ya Kiswahili ya watu waliokuwa wakijifunza kuandika habari kwa ajili ya umma, na kwangu mimi thamani yake haipungui thamani ya jalada lolote la gavana. Pamoja na hayo, usomaji wa mashine hutegemea hali ya karatasi. Pale wino ulipofifia au ukurasa ulipokunjamana, mashine hubahatisha, na neno lililobahatishwa vibaya halitafutwi na mtu, kwa hiyo linakuwa kama halikuandikwa.

Picha zina kisa chake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inatunza picha zipatazo 55,000 zilizokuwa za chama cha kikoloni cha Ujerumani, nazo zinaonekana mtandaoni. Humo mna bandari, maboma, reli ya Usambara ambayo ujenzi wake ulianzia Tanga mwaka 1893, na mashamba ya mkonge. Soma maelezo yaliyo chini ya picha: nyumba ina jina, meli ina jina, Mzungu aliyesimama katikati ana jina na cheo, na wanaume sita waliomzunguka wameitwa wenyeji. Hifadhi ya kidijitali imerithi maelezo hayo kama yalivyo, nami naona ni sahihi yasifutwe, kwa kuwa nayo ni ushahidi wa namna watu walivyotazamwa. Lakini kuyaacha yawe ndiyo maelezo pekee, miaka zaidi ya 100 baadaye, wakati bado kuna wazee wanaoweza kusema ule ni mtaa gani na ile kofia ilivaliwa na watu gani, ni uzembe ambao hauna udhuru.

Ramani nitazipitia upesi. Wajerumani waliichora koloni nzima kwa karatasi za kipimo cha 1:300,000, na ramani ya zamani iliyoskaniwa inaweza kulazwa juu ya ramani ya setilaiti ya leo ili kuona kijiji kilichohama au msitu uliokatwa.

Hapo kwenye msitu ndipo panapoanza aina ya kumbukumbu ambayo watu wengi hawaihesabu kuwa kumbukumbu: jani lililokaushwa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, milima ya Usambara Mashariki, mwendo wa saa chache kutoka Tanga mjini. Tangu kabla ya hapo wakusanyaji walikuwa wamekwisha kupita katika misitu hiyo. Ua la dakhalia la Usambara ambalo leo linapamba madirisha ya Ulaya na Marekani, zambarau na la kimo cha kiganja, lilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani upande huu wa Tanga, na mwaka 1893 likapewa jina la kisayansi Saintpaulia kwa kumbukumbu ya ukoo wake. Carl Holst naye alikusanya mimea mingi Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, na ndiyo maana majina kadhaa ya mimea yanaishia na holstii.

Kila mmea uliokusanywa ulikaushwa, ukabanwa na kushonewa au kugundishwa juu ya karatasi ngumu, na pembeni ikabandikwa lebo: jina la mmea, mahali ulipochumwa, tarehe, kimo cha mlima, jina la mkusanyaji, na mara nyingine jina la mmea kwa Kisambaa. Karatasi ya kwanza kabisa iliyotumiwa kuutambulisha mmea kwa ulimwengu wa sayansi ndiyo rejea ya kudumu ya jina hilo: ukitaka kujua kama mti uliouona leo ni ule ule, unarudi kwenye karatasi hiyo. Karatasi nyingi za namna hiyo kutoka Usambara zilikuwa Berlin, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliiteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo huo.

Kilichookoa kazi ni desturi ya zamani ya wakusanyaji kuchuma matawi kadhaa kutoka mmea mmoja na kugawana. Tawi moja lilikwenda Berlin, ndugu yake akaenda bustani ya mimea ya Kew, London, au kwingineko. Baada ya moto, wataalamu walilazimika kuwatafuta hao ndugu duniani kote, na kabla ya picha za kidijitali hiyo ilikuwa kazi ya barua na safari za miaka. Leo hifadhi ya kimataifa ya taarifa za viumbe, GBIF, ambayo ofisi yake iko Copenhagen, imeunganisha taarifa kutoka mikusanyo ya nchi nyingi, na mtafiti aliyeko Muheza anaweza kuyaona majani ya Usambara yaliyoko mabara mengine yakiwa katika dirisha moja la kompyuta. Mkusanyo wa Amani wenyewe haupo tena Amani, kwani uliondolewa ukawa kiini cha hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi.

Karatasi moja yenye jani haina uzito. Zikiwa elfu kadhaa, zenye tarehe na vimo, zinaeleza msitu ulifika wapi mwaka 1892, mti gani ulichanua mwezi gani, na mmea gani umepanda juu zaidi mlimani kadiri joto lilivyobadilika. Hapo tayari tumetoka katika historia na kuingia katika takwimu, na takwimu nazo zina masharti yake. Daftari la mvua lililojazwa kwa mkono kila asubuhi kwa miaka mingi likipigwa picha linakuwa picha ya daftari tu. Ili liwe takwimu ni lazima mtu aketi aziingize tarakimu zote, mstari kwa mstari, kisha mwingine azihakiki, na iandikwe pia kama kipimo kilihamishwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine, maana katika milima yetu mvua ya bonde na mvua ya kilele ni vitu viwili. Bila maelezo hayo mtu atatangaza kwamba mvua imepungua, kumbe kilichopungua ni kimo cha kipimo.

Tanga inatoa pia mfano wa kumbukumbu ambazo hazijawahi kuwa karatasi. Tangu mwaka 2003 wavuvi wetu wamekuwa wakinasa katika majarife yao silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za kale mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kila silikanti aliyenaswa ameacha nyuma yake taarifa za kina cha maji, urefu, uzito na picha, na baadhi ya sampuli za Tanzania zimetumika katika uchunguzi wa vinasaba vyake. Mfuatano wa vinasaba ni maandishi marefu ya herufi nne tu, yaliyozaliwa ndani ya mashine na kuhifadhiwa katika kanzidata ambazo mtafiti yeyote duniani anaweza kuzifungua. Hapo hakuna nakala halisi ya kurudia iwapo faili litaharibika. Na jina la mvuvi aliyemtoa samaki nyavuni, nahodha anayejua ni usiku gani na mkondo gani, mara nyingi halimo.

Sauti ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko vyote. Karatasi ikitunzwa pakavu hudumu miaka 200 bila kuombwa. Mkanda wa sumaku haungoji. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku hufyonza unyevu, na hewa ya pwani yetu ina unyevu wa kutosha, mpaka mkanda unaanza kunata na kubanduka unapochezwa, kwa hiyo mara utakayoucheza inaweza kuwa mara ya mwisho. Isitoshe, mashine za kuchezea mikanda ya rili zimekuwa adimu kuliko mikanda yenyewe. Tanga iliyoipa Afrika Mashariki taarabu ya Black Star na Lucky Star, na dansi la Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ina kila sababu ya kulishughulikia hili kabla ya yote. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, kinashauri sauti ichukuliwe angalau mara 48,000 kwa sekunde, na ikiwezekana 96,000, katika faili lisilobanwa. Nyimbo zinazozunguka kwenye simu zetu zimebanwa mara nyingi kiasi kwamba ukizisikiliza kwa makini gambusi na zeze zimekwisha kuliwa. Zinafaa kusikilizwa. Kuhifadhi ni kazi nyingine.

Tofauti hiyo kati ya nakala ya kutazamia na nakala ya kuhifadhi ipo katika kila aina. Kwa picha na hati, nakala ya kuhifadhi kwa kawaida ni faili zito la TIFF, na inayowekwa mtandaoni ni nyepesi ili ifunguke hata mtandao ukiwa dhaifu. Faili zito hupewa alama ya uhakiki, yaani mfuatano wa tarakimu na herufi unaokokotolewa kutoka ndani ya faili lenyewe, ambao hubadilika hata kama ni nukta moja tu iliyoharibika. Kila baada ya muda kompyuta hukokotoa upya na kulinganisha. Kisha nakala huwekwa sehemu zaidi ya moja, zilizo mbali. Flashi iliyo mtotoni mwa meza si hifadhi, na wala taasisi kubwa si kinga peke yake. Mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza mwaka 2004, uliipiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, bila kuihamisha kutoka Lamu. Oktoba 2023 maktaba hiyo ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na kwa miezi mingi huduma zake za kidijitali hazikufunguka. Kwa muda huo, aliyeweza kuisoma miswada ya Lamu kwa uhakika ni yule aliyeko Lamu.

Yote hayo hayafai kitu kama faili halina maelezo yake, yaani metadata: hiki ni nini, cha nani, cha lini, cha wapi, kimetoka mkononi mwa nani. Kipimo cha chini kinachotumiwa na wengi, kiitwacho Dublin Core, kilianza kuundwa mwaka 1995 na kina vipengele 15 tu, vinavyoweza kujazwa na mtu yeyote mwenye subira. Niliwahi kupewa flashi yenye mamia ya picha za hati za zamani, zilizopigwa na watu waliolipwa kwa kazi hiyo, kila picha ikiwa na jina la namba ambayo kamera iliitoa na hakuna neno jingine. Hati zenyewe zilikuwa zimekwisha kurudishwa kwa wenyewe, na hakuna aliyekumbuka ukurasa upi ulitoka sanduku lipi. Kurasa za barua tatu zilikuwa zimechanganyika na za barua nyingine. Nilikaa nazo wiki kadhaa nikafanikiwa kuunganisha chache tu.

Lipo pia swali la nini kisiwekwe wazi. Chini ya Wajerumani, watu waliotoka utumwani walipewa hati za uhuru, zenye majina yao na ya waliokuwa wakiwamiliki, na hati za namna hiyo zilitolewa Tanga, Pangani, Bagamoyo na kwingineko. Kwa mwanahistoria ni hazina. Kwa familia ambayo leo inaishi mtaa mmoja na ukoo wa aliyemmiliki babu yao, jina hilo likitokea katika simu ya kila mtu ni jambo lingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kwa ajili ya hati hizo, na sidhani kwamba sheria peke yake itatosha. Nionavyo mimi, nakala ya kuhifadhi ifanywe kwa ukamilifu bila kuficha neno, na ruhusa ya kuitazama iamuliwe baada ya kuzungumza na watu wa mahali hati ilipotoka.

Watu hao wanazo pia hifadhi zao, na mara nyingine ndizo za kutegemewa. Barua ambazo Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya mwaka 1931 na 1958 zilisalia kwa sababu ndugu huyo alizitunza, mpaka zikachapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili.

Mjomba wangu ana kopo la biskuti lililoshika kutu pembeni, na ndani yake, pamoja na stakabadhi za kodi na funguo zisizo na kufuli, kimo kipande cha marehemu babu. Wenye umri wanakijua: kadi ngumu aliyopewa manamba wa shamba la mkonge, yenye visanduku 30, kimoja kwa kila siku ya kazi iliyotimia, na mshahara haukutoka mpaka vyote vijazwe. Babu alitoka Kasulu. Makampuni mengi ya mkonge yamekwisha kufa pamoja na mafaili yao, ijapokuwa mwaka 1964 nchi hii ilizalisha tani zipatazo 230,000 na kuongoza duniani, kwa hiyo kadi kama hiyo inaweza kuwa alama pekee iliyobaki ya mtu na miaka yake katika shamba.

Nilikwenda na skana Jumapili moja baada ya alasiri. Nilimwamkia mjomba, nikamwomba ruhusa, nikaiskani mbele na nyuma pamoja na kipimo cha rangi pembeni, nikaanza kujaza maelezo. Jina nikaandika kama lilivyo kwenye kadi. Mjomba akanyoosha kidole.

"Hilo si lake, mwanangu. Karani alishindwa na Kiha, akamwandikia alilolitaka yeye. Andika na la nyumbani."

Nikaandika yote mawili, nikieleza lipi limetoka wapi. Kisha nikamwonyesha kwamba visanduku 26 vina alama na vinne vya mwisho ni vitupu, nikasema huenda kadi ilipotea kabla ya kumalizika. Akaishika, akaisogeza dirishani.

"Haikupotea. Aliugua homa siku ya 27. Aliporudi alikuta nyapara mwingine, akaambiwa aanze kadi mpya. Hii hakulipwa. Ndiyo maana aliiweka."

Katika kipengele cha maelezo nimeandika maneno hayo kama alivyoyasema, na tarehe niliyoyasikia, na kwamba msemaji ni mtoto wa mwenye kadi. Nimehifadhi nakala tatu. Kadi yenyewe imerudi koponi.